Dhamana ya Barua Pepe: Mhadhara juu ya Itifaki za Tabaka la Matumizi



Katika mwezi wa Agosti mwaka 1982, Jonathan Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alitoa waraka uliopewa nambari 821 katika mfululizo wa nyaraka za mtandao ziitwazo RFC, na ndani yake akapanga kanuni ambazo kompyuta mbili zisizojuana, zilizo mbali kwa mbali, kila moja ikiwa na mwenyewe, zaweza kuzifuata ili moja ikabidhi barua na nyingine iipokee. Kanuni hizo huitwa SMTP. Zilirekebishwa mwaka 2001 na tena mwaka 2008, zikaongezewa hiki na kile kwa kadiri ya haja, walakini uti wa mgongo wake haukuvunjwa, na barua pepe mtakayoipokea usiku huu mkirejea majumbani itakuwa imepita katika maneno yaleyale machache aliyoyaandika Postel kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nimeombwa niyaeleze maneno hayo. Nitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa naamini ya kwamba ndani ya itifaki hii mna jambo kubwa la kiutu, nalo ni dhamana: kila kompyuta inayopokea barua hutamka waziwazi kwamba imeipokea, na kwa tamko hilo hujitwika wajibu wa kuifikisha, au kumrudishia mwenyewe habari ya kushindwa.

Yafaa kwanza tujue mahali pa mambo haya. Wahandisi wa mtandao huigawa kazi yao katika matabaka, kila tabaka likilitumikia lililo juu yake na kulitegemea lililo chini yake. Chini kabisa mna nyaya, nyuzi za kioo na mawimbi ya redio. Juu yake mna kanuni za kuipeleka pakiti kutoka mtandao hadi mtandao. Na juu ya hapo mna TCP, itifaki ihakikishayo kwamba baiti zilizotumwa na upande mmoja zinafika upande wa pili kwa mpangilio uleule, bila ya kupungua wala kurudiwa. Hata baada ya kazi yote hiyo adhimu, hapajasemwa bado lolote lenye maana, kwa sababu TCP haijui barua ni nini, haimjui mtumaji wala mpokeaji, na kwake yeye utenzi na hesabu ya benki ni baiti sawasawa. Maana huingia katika tabaka la juu kabisa, tabaka la matumizi, na huko ndiko ikaako SMTP pamoja na ndugu zake. Mimi huwahimiza wanafunzi waanzie hapa, kwani itifaki za zamani za tabaka hili ziliandikwa kwa maneno yasomekayo kwa macho, hata mtu mwenye subira na kibodi aweza kuketi akaongea na seva ya barua kwa mkono wake, neno baada ya neno, akaelewa kila jibu alipewalo.

Barua za kompyuta ni kongwe kuliko mtandao wenyewe. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT, watu waliokuwa wakishiriki kompyuta moja kubwa walitengenezewa amri ya kuachiana maandishi ndani ya kompyuta hiyohiyo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, alizioanisha programu mbili, moja ya kuachiana maandishi na nyingine ya kunakili faili kupitia mtandao wa ARPANET, hata barua ikaweza kutoka katika kompyuta moja na kuingia katika nyingine. Na ili kulitenga jina la mtu na jina la kompyuta, akaichagua alama ya @, iliyokuwako tayari kwenye kibodi na isiyotumika katika majina ya watu. Uchaguzi huo mdogo una hekima kubwa, maana uliigawa anwani katika mamlaka mawili. Kilicho kulia kwa alama ni jina la kikoa linalotambuliwa na mtandao mzima, na kilicho kushoto ni jambo la ndani la kikoa hicho, hapana mwingine mwenye haki ya kulifasiri. Mpaka leo kanuni zinaikataza seva iliyo njiani kuichezea sehemu ya kushoto, hata kwa kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kwa muda wa takriban miaka kumi barua zilisafirishwa kwa kuazima itifaki ya kuhamisha faili, FTP, mpaka wingi wake ulipodhihirisha kwamba zinastahili kutungiwa itifaki ya peke yake, ndipo Postel alipoandika.

Natutwae mfano. Mwanafunzi aliye Mombasa, tumwite Zuhura, anamwandikia mjomba wake Saidi aliye Muscat, kumpa shikamoo, kumpasha habari kwamba mama yake amepata nafuu, na kumwambatishia picha. Jamaa wa pwani yetu walio Oman ni wengi, na nyaraka za namna hii zimevuka bahari hiyo tangu zama za majahazi. Zuhura anamaliza kwa salamu, anabonyeza kitufe cha kutuma, na kwake yeye kazi imekwisha. Kwa itifaki, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Programu iliyo katika simu ya Zuhura haiendi Muscat. Huikabidhi barua kwa seva inayomtumikia yeye, iwe ya chuo chake au ya kampuni alikofungua sanduku lake, kupitia mlango nambari 587 au 465, na hapo hudaiwa nywila ili ithibitike kwamba yeye ni mtu wa pale. Seva hiyo ndiyo itakayoibeba barua. Huitazama sehemu ya anwani iliyo kulia kwa alama ya @, kisha huliuliza daftari la majina ya mtandao, DNS, lililobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ni kompyuta ipi ipokeayo barua za kikoa hiki. Jibu huja katika kumbukumbu ziitwazo MX, kila moja ikiwa na jina la seva na nambari ya daraja. Penye nambari ndogo ndipo hujaribiwa kwanza, na pakiwa pamefungwa hujaribiwa penye nambari inayofuata. Utaratibu huu uliwekwa mwaka 1986, na fadhila yake ni kwamba taasisi yaweza kuihamisha seva yake kutoka nchi hadi nchi, ama kumwacha mtoa huduma huyu na kumchukua yule, na watu wake wote wakabaki na anwani zilezile.

Hapa nawaomba usikivu wenu kamili, kwa kuwa tumefika kwenye moyo wa shauri. Seva ya Mombasa hubisha hodi kwenye mlango nambari 25 wa seva ya Muscat, na adabu ya itifaki ni kwamba mwenyeji ndiye aanzaye kusema: hutoa nambari 220 na jina lake, maana yake yu tayari. Mgeni hujibu EHLO na kujitaja. Mwenyeji hujibu 250, akaeleza aliyo nayo, kama vile ukubwa wa barua awezao kuupokea, na kama aweza kuzungumza kwa siri ili walio njiani wasisikie; ikiwa aweza, wawili hao hukubaliana kwanza juu ya siri hiyo, kisha huyaanza maamkizi upya. Mgeni husema MAIL FROM, akaitaja anwani itakayorudishiwa habari ikiwa barua itashindikana. Hujibiwa 250. Husema RCPT TO, akaitaja anwani ya Saidi; na hapo mwenyeji hutazama orodha yake, na ikiwa hapana Saidi kwake hujibu 550, shauri la Saidi likaishia hapo, na akiwapo hujibu 250. Kisha mgeni husema DATA, hujibiwa 354, yaani haya, lete. Na barua yote humiminwa, mstari baada ya mstari, mpaka ufike mstari usio na kitu ila nukta moja peke yake. Nukta hiyo ndiyo ishara ya kikomo.

Yawezekana msikilizaji makini ajiulize: na ikiwa Zuhura mwenyewe, katika maandishi yake, ameweka mstari wenye nukta tupu, barua yake haitakatwa katikati? Waliotunga itifaki waliliona hilo mapema. Kila mstari uanzao kwa nukta huongezewa nukta ya pili na seva itumayo, na seva ipokeayo huiondoa nukta ya kwanza, hata maandishi yakafika jinsi yalivyoandikwa. Naupenda mno utaratibu huu, kwa kuwa unafundisha kanuni ya jumla ambayo waunda programu wengi wa leo huisahau kwa hasara yao: neno la mwandishi lisiachwe kamwe likachukuliwa kuwa amri ya mtambo.

Baada ya nukta ya mwisho mwenyeji hatoi jibu papo hapo. Kwanza huiweka barua mahali pa kudumu, diskini mwake, ndipo anapotamka 250. Na 250 hii si sawa na zile zilizotangulia, kwa kuwa waraka wa SMTP unaeleza bayana ya kwamba seva itamkayo hivi imelichukua daraka la kuifikisha barua au kuipeleka mbele, na ya kwamba haijuzu kuipoteza kwa sababu hafifu, kama vile kompyuta kuzimika baadaye au kupungukiwa na nafasi ambayo upungufu wake ungaliweza kukadiriwa. Kabla ya tamko hilo mdhamini wa barua ni seva ya Mombasa, nayo haina ruhusa ya kuitupa nakala yake. Baada ya tamko, mdhamini ni seva ya Muscat. Hapana nukta ya wakati ambayo barua haina mdhamini. Na lau mawasiliano yatakatika katika sekunde ile nyembamba ambapo Muscat imekwisha kupokea na jibu lake halijafika Mombasa, basi Mombasa itaituma barua tena, na Saidi atazipata mbili. Watungaji walijua kwamba jambo hilo litatokea mara kwa mara, wakalipima, wakaona ni heri mtu apate habari njema mara mbili kuliko kuikosa. Nami sina shaka kwamba walipima vema.

Nambari za majibu nazo zina mpango wake. Zianzazo kwa 2 ni za kukubali. Zianzazo kwa 3 ni za kutaka kilichosalia. Zianzazo kwa 5 ni za kukataa kabisa. Na zianzazo kwa 4 ni za udhuru wa muda, kwamba sasa siwezi, njoo baadaye. Seva iliyopewa udhuru haikati tamaa. Huirudisha barua kwenye foleni na kujaribu tena, na pendekezo la kanuni ni kwamba isijaribu kabla ya nusu saa kupita, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Ikikata tamaa ndipo inapomwandikia Zuhura barua ya masikitiko, na barua hiyo ya masikitiko hutumwa na MAIL FROM isiyo na anwani yoyote ndani yake, kwa makusudi mazima, ili ikishindikana nayo kufika, isizae barua nyingine ya masikitiko, na hiyo ikazae nyingine, seva mbili zikabaki zikipigana kwa taarifa usiku kucha.

Subira hii ndiyo iliyoifanya barua pepe itangulie kufika katika nchi zetu kuliko huduma nyingine zote za mtandao. TCP hudai pande zote mbili ziwe macho kwa wakati mmoja, ilhali barua hudai tu kwamba kila jirani amwone jirani yake siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mji wa Nairobi ulipokuwa haujapata kiungo cha kudumu cha intaneti, zilikuwako kompyuta zilizokusanya barua za watu, kisha zikaunganishwa kwa simu ya ng'ambo na kompyuta ya London, zikatoa zilizo nazo na kupokea zilizowangojea. Shirika la SatelLife, lililoasisiwa na tabibu wa moyo Bernard Lown, lilikwenda mbali zaidi: mtandao wake wa HealthNet uliwahudumia matabibu wa Afrika, Afrika Mashariki ikiwamo, kwa setilaiti ndogo iliyozunguka dunia karibu na ardhi, ikapita juu ya kila kituo kwa dakika chache tu kila mara, ikachukua barua za hapa na kwenda kuzitua kwingine ilipofika. Mawasiliano ya sauti yasingewezekana kwa chombo kama hicho, barua iliwezekana. Hata baadaye, intaneti kamili ilipofika, barua ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa Nairobi, ikiwa wawili hao ni wateja wa kampuni mbalimbali, aghalabu ilipanda setilaiti hadi Ulaya au Marekani na kurudi, mpaka kituo cha kubadilishania mawasiliano kiitwacho KIXP kilipothibiti katika kazi yake mwaka 2002. Na mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipotua mwaka 2009, safari ya mbali nayo ikawa nyepesi. Katika mageuzi yote hayo SMTP haikuhitaji kubadilishwa hata neno moja. Hii ndiyo faida ya kutenga matabaka.

Sasa nifungue mlango ambao ndani yake mna fadhila na mna balaa. Barua pepe ina bahasha, na ina maandishi yaliyo ndani ya bahasha, na viwili hivi havikufungamanishwa. Bahasha ni yale yaliyotamkwa katika MAIL FROM na RCPT TO, nayo husomwa na seva na kutupwa njiani kadiri kazi yake inavyokwisha. Maandishi ya ndani yana kichwa na kiwiliwili, vikitengwa na mstari mmoja mtupu. Na katika kichwa ndimo mnamokuwa na jina la mwandishi, majina ya waandikiwa, tarehe na kichwa cha habari, ingawa yaliyo faradhi kwa kanuni ni mawili tu, mwandishi na tarehe. Mpokeaji huonyeshwa kichwa, bahasha haioni. Kwa sababu hiyo Zuhura aweza kumpelekea nakala ya siri shangazi yake bila ya mjomba kujua: jina la shangazi hutajwa katika RCPT TO na halitajwi kichwani. Kwa sababu hiyohiyo orodha ya watu elfu yaweza kupelekewa barua moja. Na kwa sababu hiyohiyo laghai aliye popote duniani aweza kuandika kichwani jina la mkurugenzi wa benki, huku bahasha ikisema mengine kabisa.

Palipo na shaka, mna ushahidi. Kila seva iliyoipokea barua hugonga mhuri wake juu ya kichwa, mstari uanzao kwa neno Received, ukitaja nani kaileta, nani kaipokea na saa ngapi. Kwa kuwa kila mhuri huwekwa juu ya uliotangulia, historia ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu. Ila ijulikane ya kwamba mihuri ya kuaminika ni ile iliyogongwa na seva yako mwenyewe na seva unazozijua. Iliyo chini ya hapo yaweza kuwa imeghushiwa na mtumaji kabla hajaituma.

Picha ya mama yake Zuhura imesafiri kwa hila nyingine. Itifaki ya mwaka 1982 ilikubali herufi za ASCII tu, alama 128 zilizochaguliwa kwa ajili ya Kiingereza, katika mistari isiyozidi alama 1,000 pamoja na alama mbili za kumalizia mstari. Kiswahili kwa hati za Kilatini hakikuona dhiki hata kidogo, maana herufi zetu zote zimo, na hata ile alama ya ng' imo. Walakini anayekiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyokiandika mababa zetu wa Lamu na Pate, asingeweza kutuma hata jina lake, wala Mwarabu, Mhindi na Mchina hawangeweza. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, na mwezi wa Machi mwaka huo Borenstein alikuwa amekwisha kutuma barua yenye picha na sauti ya kikundi chake cha waimbaji. Hawakuigusa SMTP. Walichofanya ni kuweka katika kichwa cha barua maelezo ya kwamba hiki ni maandishi ya msimbo fulani, hiki ni picha, hiki ni sauti, na kuzigeuza baiti zisizokubalika kuwa alama zinazokubalika. Njia kuu ya kugeuza huchukua baiti tatu na kuziandika kwa alama nne zilizochaguliwa katika alama 64 salama, hata picha ya megabaiti 3 ikasafiri ikiwa na uzito wa megabaiti 4. Ndiyo sababu kiambatisho hukataliwa kwa kuwa kizito ilhali mwenyewe akitazama katika kompyuta yake aona hakijafikia kikomo alichoambiwa. Tangu mwaka 2012 ziko kanuni zinazoruhusu hata anwani yenyewe iandikwe kwa hati yoyote ya dunia, ila seva zizitiizo hazijaenea kote.

Juu ya Saidi kuisoma barua yake nitasema machache. SMTP huishia pale barua iingiapo sandukuni. Kuitoa sandukuni ni kazi ya itifaki nyingine. POP, iliyotungwa mwaka 1984, huzihamisha barua hadi kompyuta ya msomaji na kwa desturi huzifuta katika seva. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huziacha katika seva, na msomaji akaziona zilezile, zilizosomwa na zisizosomwa, awe kwenye simu au ofisini. Leo walio wengi wanatumia njia ya pili, au wanasomea katika kivinjari, na hapo kivinjari huzungumza na seva kwa itifaki ya tovuti.

Turudi kwenye balaa. Postel na wenziwe walijenga dhamana kamili juu ya kuifikisha barua, na hawakujenga dhamana yoyote juu ya jina la aliyeituma, kwa kuwa mtandao wa zama zao ulikuwa wa watu waliojuana, wa vyuo na maabara chache. Dalili ya mambo yatakayokuja ilionekana mapema: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwapelekea mamia ya watumiaji wa ARPANET tangazo la biashara wasilolitaka. Lililokuwa ajabu siku ile likawa mafuriko baada ya miaka ishirini, na baada ya barua taka zikaja barua za hiyana, zenye majina ya kughushi. Hizi ndizo zinazotuuma hapa kwetu. Mhasibu wa shule hupokea barua yenye jina la mkuu wake ikimtaka alipe haraka. Mfanyabiashara hupokea ankara ya kweli yenye nambari ya akaunti iliyobadilishwa. Mzazi huombwa karo na asiyekuwa mwalimu. Fedha ikiisha kwenda, aghalabu hairudi.

Dawa imepatikana, nayo imewekwa palepale katika DNS, bila ya kuivunja SMTP. Ya kwanza ni SPF, ya mwaka 2006: mwenye kikoa hutangaza hadharani ni seva zipi zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ya pili ni DKIM, ya mwaka 2007: seva ya mtumaji hutia saini juu ya barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakiki saini hiyo huwekwa wazi katika DNS, hata mtu akiligeuza neno njiani saini haikubali tena. Ya tatu ni DMARC, iliyotolewa mwaka 2015, nayo ndiyo izibayo ule ufa wa bahasha na kichwa nilioueleza, kwa kuwa inadai jina asomalo binadamu kichwani liafikiane na lililothibitishwa na moja ya zile mbili, na inampa mwenye kikoa nafasi ya kusema barua isiyoafikiana ifanywe nini: iachwe ipite, iwekwe kando, au ikataliwe. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zinamdai kila atumaye barua nyingi awe na zote tatu.

Wapo wasemao ya kwamba barua pepe imechakaa, ya kwamba programu za kutumiana ujumbe zimeishinda. Sikubaliani nao. Programu zile ni nzuri na ni nyepesi, lakini aghalabu kila moja ni milki ya kampuni moja, na aliye ndani yake hawezi kumwandikia aliye nje; kampuni ikifunga mlango, mawasiliano ya watu wote yamefungwa. SMTP haina mwenyewe. Chuo cha Zanzibar, hospitali ya Bukavu, duka la Mombasa na wizara ya Muscat, kila kimoja chaweza kuweka seva yake, kikatangaza MX yake, na siku hiyohiyo kikawa sawa kwa haki na kampuni kubwa kuliko zote duniani, bila ya kumwomba mtu idhini. Ni kweli kwamba kampuni chache kubwa leo zinashika masanduku ya watu wengi mno, na ni kweli kwamba seva ndogo mpya huchelewa kuaminiwa nazo. Jambo hilo linanihuzunisha, na sioni njia ya kulipunguza ila taasisi zetu zijifunze kusimamia vikoa vyake kwa ustadi, zisiviache mikononi mwa wengine kwa uvivu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu nyote mlio na kikoa chini ya mamlaka yenu, iwe cha shule, cha msikiti au kanisa, cha zahanati, cha chama cha ushirika au cha ofisi ya serikali. Kesho asubuhi mwulizeni fundi wenu maswali matatu: je, tumetangaza SPF, je, barua zetu zinatiwa saini ya DKIM, je, DMARC yetu inasema nini? Akijibu kwamba hazipo, mpeni muda wa kuziweka, na mwulizeni tena akimaliza. Kuzitangaza katika DNS hakuhitaji mtambo mpya, na DMARC yaweza kuanza kwa kupokea taarifa tu, barua za wenyewe zisizuiwe, mpaka mtakapojua seva zote zinazotuma kwa jina lenu. Ndipo mwiamuru ikatae. Fanyeni hivyo kabla jina lenu halijatumiwa kumwibia mtu anayewaamini.